UZI: Kwani mwalimu wa kijijini anataka nini?

1/ Kila msimu wa siasa, huyu anasema walimu kazi yao ni kulalamika, yule anaahidi nyongeza ya mshahara na kupigiwa makofi. Wote wawili wanaruka historia. Hebu tuipitie.

2/ Wakati wa ukoloni, mwalimu wengi waliajiriwa na misheni au serikali ya mitaa, kila mtu na masharti yake. KNUT ilizaliwa 1957 ikidai mwajiri mmoja. TSC ikaundwa kwa sheria 1967. Hiyo haikuwa zawadi, walimu waliipigania.

3/ Lakini mwajiri mmoja maana yake pia ni mkono mmoja unaoamua utafundisha wapi. Katiba ya 2010, kifungu cha 237, inaipa TSC kazi ya kuajiri, kupandisha cheo na kuhamisha.

4/ Mshahara sasa. 1997, uchaguzi ukikaribia, mgomo ulizaa ahadi ya nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, ilipwe kwa awamu. Uchaguzi ukapita, ahadi ikakwama. 1998 walimu wakagoma tena. Ndio maana mwalimu mzee akisikia ahadi jukwaani anatabasamu tu.

5/ 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo. Watoto zaidi ya milioni 1 wakaingia darasani. Walimu hawakuongezwa kwa kasi hiyo. Kule mashinani mwalimu mkuu akawa anafundisha, anashika hesabu za shule, na bado anatafuta pesa za kumlipa mwalimu wa bodi.

6/ 2018 TSC ikaanza kuwapeleka walimu wakuu mbali na kaunti zao. Hoja ilikuwa umoja wa taifa, na kwamba mtu akikaa sana kwao anazoeleka. Hoja ina uzito. Lakini mshahara ni ule ule na nyumba sasa ni mbili. Kufikia mwanzo wa 2023, wengi walikuwa wanarudishwa karibu na nyumbani.

7/ Sasa pale pagumu. Novemba 2014 abiria 28 wa basi waliuawa Mandera, walimu wakiwemo. Januari 2020 walimu waliuawa Kamuthe, Garissa. Walimu wasio wenyeji wakaondoka, madarasa yakabaki bila mtu. Marupurupu ya mazingira magumu hayanunui uhai.

8/ Kwa hivyo ukisema "kila mwalimu arudi kwao", mtoto wa Garissa anafundishwa na nani? Na ukisema "aende popote", nani anamlinda, na analala wapi?

9/ Mwanasiasa akija kwenu, usimuulize asilimia ngapi. Muulize: nyumba ya mwalimu iko wapi? Nani atawasomesha vijana wa hapa wawe walimu wa hapa? Na ahadi yako imewekwa kwenye bajeti ya mwaka gani?

Akikosa jibu, hiyo ni 1997 tena.