Ziwa Victoria: Urefu wa sangara na hatima ya uvuvi

Mizani pekee haitoshi kueleza hali ya samaki katika Ziwa Victoria. Sangara mmoja wa kilo 10 na sangara 10 wa kilo moja moja huandikwa mwaloni kwa uzito ule ule, ilhali hao 10 huenda hawajawahi kutaga hata mara moja. Ndiyo maana watafiti wa Tanzania, Uganda na Kenya hupima pia urefu wa samaki huyo, ambaye Wakenya humwita mbuta na Waganda mputa.

Sangara alipandikizwa ziwani humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Anaweza kukaribia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200, naye ndiye tegemeo la viwanda vya minofu vinavyouza bidhaa zao nje ya Afrika Mashariki.

Vipimo huchukuliwaje?

Samaki hulazwa juu ya ubao wenye alama za sentimita, mdomo ukigusa ukingo wa ubao, kisha urefu husomwa kwenye ncha ya mkia. Halafu hupimwa uzito, na tumbo hupasuliwa ili kubaini jinsia na kama amekomaa. Kwa kawaida, urefu ukiongezeka mara mbili, uzito huongezeka takriban mara nane. Aliye mwepesi kuliko inavyotarajiwa kwa urefu wake huenda amekosa chakula au ametoka kutaga.

Kujua umri ni kazi ngumu zaidi. Katika nchi zenye majira ya baridi, samaki huwa na pete za kila mwaka kwenye vijiwe vya masikioni. Karibu na ikweta, ambako halijoto ya maji haibadiliki sana, pete hizo si rahisi kusomeka. Kwa hiyo watafiti hupanga urefu wa samaki wengi mwezi baada ya mwezi na kufuatilia jinsi kundi lililozaliwa wakati mmoja linavyorefuka.

Hata hivyo, nyavu za wavuvi huchagua: wadogo hupenya, wakubwa hunaswa. Takwimu za mialoni kwa hiyo hulinganishwa na zile za meli za utafiti, zinazotumia nyavu za matundu madogo na vifaa vya mawimbi ya sauti.

Kutoka vipimo hadi sheria

Kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994 na lenye makao yake Jinja, Uganda, nchi hizo tatu zilikubaliana kwamba sangara wanaofaa kuvuliwa ni wa kati ya sentimita 50 na 85. Kikomo cha chini huwapa wadogo nafasi ya kukua. Kile cha juu huwalinda wakubwa, ambao wengi wao ni majike, na jike mkubwa hutaga mayai mengi zaidi.

Tanzania inamiliki takriban nusu ya ziwa hilo, Kenya takriban asilimia 6 tu, na sehemu iliyosalia ni ya Uganda. Lakini sangara hatambui mpaka. Mchanga anayevuliwa upande mmoja hupunguza mavuno ya kesho ya jirani, na dalili ya kwanza huonekana kwenye ubao wa kupimia, kabla ya mizani kuonyesha upungufu wowote.