Marudio ya Rwamgasa

Kando ya makarasha (mashine za kusagia mawe) ya Rwamgasa, mkoani Geita, mchanga wa kijivu umerundikwa vichuguu kwa vichuguu, na mgeni anaweza kuupita akidhani ni taka. Wachimbaji huuita marudio. Ni mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa kwenye mwalo (ubao wa mteremko wa kuchujia), dhahabu yake ikanaswa kwa zebaki, kisha yakaachwa. Zamani yaliachwa kweli. Siku hizi yana bei, yana mwenyewe, na mara nyingi huyo mwenyewe siye aliyeyatoa ardhini.

Dhahabu ya Geita ilijulikana kwa Wajerumani tangu 1898, na mgodi mkubwa ulioanzishwa enzi ya Waingereza ulifanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966. Jirani kabisa na Rwamgasa, katika miaka ya 1980, Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lilihusika na uchimbaji wa chini ya ardhi pale Buckreef. Serikali ilipolegeza masharti ya biashara na Benki Kuu ikaanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu walimiminika. Walikuja na moko, nyundo na kamba, wakazamisha maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, wakabeba mawe kwa viroba hadi karashani.

Zebaki ilikuwa rahisi: hupatikana dukani, haihitaji umeme wala mtaalamu, na mtu huondoka na dhahabu yake siku hiyohiyo. Lakini hukamata punje zile tu inazogusana nazo. Dhahabu iliyojificha ndani ya jiwe, hasa jiwe la chini lenye salfa nyingi, huipita bila kuiona, na ile iliyosagika ikawa laini mno huchukuliwa na maji. Ndiyo maana mara nyingi zaidi ya nusu ya dhahabu ilibaki mchangani. Mwenye duara alihesabu gramu zake akaenda zake, kumbe sehemu kubwa ameiacha pale pale.

Hali hiyo ilikwisha kuonekana kwingine. Mwaka 1887, mjini Glasgow, mkemia John Stewart MacArthur pamoja na ndugu wawili madaktari, Robert na William Forrest, walipata njia ya kuyeyusha dhahabu kwa maji ya sayanaidi. Miaka michache baadaye njia hiyo ilikuwa imefika Witwatersrand, Afrika Kusini, ambako zebaki ilikuwa imeshindwa na mawe ya kina kirefu. Milima ya mabaki iliyodharauliwa huko ikageuka akiba.

Katika ukanda wa Geita, sayanaidi iliingia kwa njia ya matangi. Marudio humwagwa ndani ya tangi la saruji na kuchanganywa na chokaa. Chokaa hiyo si pambo: mchanganyiko ukiwa na asidi, sayanaidi hugeuka gesi inayoua. Kisha maji ya sayanaidi hupitishwa mchangani siku kadhaa, taratibu, yakichuja dhahabu kidogo kidogo. Yakitoka chini huingia kwenye mapipa yenye makaa maalumu, aghalabu ya vifuu vya nazi, ambayo huinasa dhahabu. Makaa yakishashiba hupelekwa kwenye mtambo wa elusheni, dhahabu ikang'olewa kwa maji ya moto yenye magadi makali, ikavutwa kwa umeme na mwisho ikayeyushwa kwa boraksi.

Hapo ndipo mali ilipohama mikono. Tangi, makaa, kemikali na leseni ya uchenjuaji vinataka mtaji, na mwenye duara hana. Desturi iliyozoeleka ni kwamba anayesagisha huchukua dhahabu ya zebaki, na marudio humbakia mwenye karasha, ama kama sehemu ya malipo ama kwa mazoea tu. Mwenye karasha huyauza au huyachenjua mwenyewe. Wanaapolo, yaani wachimbaji waliohatarisha maisha shimoni, hawamo kabisa katika mgawo wa pili, ambao mara nyingine huushinda wa kwanza. Hilo ni dhuluma, hata kama hakuna aliyeipanga.

Marudio yana deni lingine pia. Mwaka 2003, chini ya mradi wa zebaki wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, watafiti wa afya waliwapima watu 180 wa Rwamgasa na kuwalinganisha na wakazi wa Katoro wasiofanya kazi ya uchimbaji. Miongoni mwa wachomaji wa zebaki walikuta watu wenye dalili za sumu ya muda mrefu. Zebaki inayobaki mchangani haiishii hapo: ikikutana na sayanaidi huyeyuka na kusafiri na maji kirahisi zaidi. Kuchenjua marudio ya zebaki bila kuitoa kwanza ni kuhamishia sumu kwa walio bondeni.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. STAMICO nayo imejenga vituo vya mfano Rwamgasa, Katente na Itumbi, ambako wachimbaji wadogo hufundishwa uchenjuaji bora. Soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, humpa muuzaji bei iliyo wazi na risiti. Bado lililo muhimu kwa mwenye duara huamuliwa kabla ya sokoni, pale karashani, anaposhusha viroba: makubaliano yaandikwe, yaseme marudio ni ya nani, na wanaapolo wawe na fungu humo.