Ukanda Kinga: Istilahi Inayofaa Ufuo wa Rusinga

Ukanda kinga ni eneo la mimea linaloachwa au kupandwa kati ya maji na makazi ili kupunguza nguvu ya mawimbi. Mjadala wake ulishika kasi baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyoua watu hadi Somalia, Kenya na Tanzania. Wengi huandika "msitu wa pwani wa kuzuia tsunami". Kwa mikoko ya Lamu, neno pwani ni sawa. Kwa Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria, halifai, kwani pwani ni mahali maji yanapopwa, na ziwa hilo halina kupwa na kujaa kwa bahari. Lina dhoruba, na lina miaka ya kufura: Mei 2020 lilivuka kiwango cha 1964, likaingia mashambani na majumbani.

Neno linalopotosha zaidi ni "kuzuia". Mji wa Rikuzentakata, Japani, ulikuwa na misonobari ipatayo 70,000 ufukweni. Tarehe 11 Machi 2011 tsunami iliifagia, ukabaki mmoja umesimama. Mimea hukinga tu. Anayekinga maji ya paa hasimamishi mvua. Wimbi likipita katikati ya mashina hupoteza kasi, na mizizi hushika udongo. Hapo ndipo utunzaji unapohitajika: ukanda uwe mpana, mimea isongamane, mapengo yajazwe. Njia iliyonyooka kutoka mitumbwini hadi nyumbani hugeuka mfereji siku ya dhoruba, ipindwe.

Nasema ukanda, si msitu, kwa kuwa kinga ya kwanza ya ufuo huu ni mafunjo, togo kwa Kijaluo, nayo si miti. Kuyakata kwa ajili ya mikeka hakuyaui, maana huchipua tena. Kuyachoma na kulima hadi majini ndiko kunakoyamaliza. Hata hivyo, ziwa likifura kwa miezi, hakuna mmea utakaolirudisha. Faida ya ukanda wakati huo ni nafasi yenyewe: nyumba haikujengwa pale.

Wapangaji wa Kaunti ya Homa Bay, andikeni "ukanda kinga" katika mipango na mabango yenu, na muuchore kwenye ramani kabla ya kugawa viwanja. Nawe mwenye shamba ufuoni, jembe lako lisivuke mstari wa mafunjo.