Siti ya baiskeli inakuumiza ukifanya mazoezi ndani? Pima kwanza, nunua baadaye

Kuanzia Machi hadi Mei, mvua za masika huziacha njia za kupanda milima ya Uluguru na utelezi. Huku chini Msamvu, malori ya Dodoma na Iringa hayamwachii mwendesha baiskeli nafasi. Ndiyo maana wapo wanaofunga baiskeli kwenye stendi sebuleni, au kununua baiskeli ya mazoezi ya mtumba.

Shida huanza baada ya dakika 20 hivi: makalio yanawaka moto na msamba unaingia ganzi. Wiki mbili mbele, baiskeli imegeuka pa kuanikia nguo.

Hasara yake si pesa tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mtu mwenye presha au sukari aliyeambiwa afanye mazoezi hawezi kuzifikisha kwenye siti isiyokalika.

Kwa nini ndani inauma zaidi?

Ukipanda kuelekea Morningside unasimama kwenye pedeli, unasogea mbele na nyuma, na ukishuka unapumzika. Ndani, baiskeli haiyumbi na hakuna mteremko. Uzito unabaki palepale muda wote, na jasho linaongeza michubuko.

Siti laini si lazima iwe nzuri

Wengi hukimbilia siti nene au kava la jeli. Kumbe mwili unatakiwa ukae juu ya mifupa miwili ya makalio. Sponji ikiwa laini mno, mifupa inazama, kisha katikati ya siti inapanda na kubana mishipa ya msamba. Hapo ndipo ganzi inapotoka.

Siti pana yenye springi, kama za Phoenix, imetengenezwa kwa mtu anayekaa wima kwenye barabara ya mashimo. Sebuleni hakuna mashimo, kwa hiyo springi hazina kazi kubwa.

Jipime kwa boksi

1. Weka kipande cha boksi gumu juu ya kiti cha mbao au ngazi.
2. Kalia, inama kidogo mbele, nyanyua visigino, tulia nusu dakika.
3. Tafuta mabonde mawili yaliyobaki kwenye boksi. Pima kwa rula kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine.
4. Ongeza sentimita 2 hadi 3. Ukipata 12, tafuta siti yenye upana wa 14 hadi 15 kwa nyuma. Anayekaa wima zaidi achukue iliyo pana kidogo.

Kwa wastani mifupa hii imeachana zaidi kwa wanawake, lakini usikisie. Pima.

Rekebisha kabla ya kutoa hela

Kaa, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Kiuno kikiyumba, siti iko juu mno. Kisha weka pima maji juu ya siti. Iwe sawa, au pua iiname kidogo sana. Pua iliyonyanyuka ndiyo inayobana msamba. Kazi hii inataka spana tu.

Ukilazimika kununua

Siti iliyotolewa kwenye baiskeli ya mtumba mara nyingi ni nafuu kuliko mpya. Nenda na rula na siti yako ya zamani, ili fundi alinganishe vyuma viwili vya chini na kibano cha bomba lako. Bonyeza kwa kidole gumba: sponji ibonyee kidogo na kurudi. Yenye mfereji katikati humsaidia anayepata ganzi. Muombe muuzaji uijaribu siku chache kabla ya kumaliza malipo.

Bukta ya baiskeli yenye sponji, ikivaliwa bila chupi, nayo hupunguza michubuko.

Unapoendesha, simama kwenye pedeli kwa sekunde 30 kila baada ya dakika 10. Wiki ya kwanza maumivu madogo ya mifupa ni kawaida. Ganzi si kawaida. Ukiisikia, shuka. Ikiendelea hata baada ya kurekebisha siti, muone daktari.