Mpindo wa ufito wa krankibeti

Mpindo wa ufito wa kuvulia huonyesha ni wapi ufito unapinda samaki anapovuta. Wa kasi hupinda karibu na ncha tu, wa wastani hufika katikati, na wa polepole hukaribia mshikio. Kwa krankibeti, yaani chambo bandia chenye umbo la samaki mdogo na ulimi unaokizamisha kinapovutwa, wa wastani ndio ufaao zaidi.

Sababu iko kwenye ndoana. Krankibeti nyingi hubeba ndoana mbili nyembamba, kila moja yenye ncha tatu, na mara nyingi hushika ngozi ya mdomo tu. Samaki akikurupuka kando ya mashua na kutikisa kichwa, ufito mgumu haulegezi chochote: mshipi hukazika ghafla, tundu la ndoana hupanuka, na samaki ameshakwenda. Ufito wa mpindo wa wastani, ulio laini zaidi, hupokea mshtuko huo. Tena humpa samaki nafasi ya kukimeza chambo kabla mvuvi hajavuta.

Nchini Marekani, ambako Fred Young wa Tennessee alichonga kwa mti wa balsa krankibeti mashuhuri ya Big O, wavuvi wengi wa samaki aina ya besi hupendelea fito za nyuzi za kioo, au za mchanganyiko wa nyuzi hizo na kaboni, licha ya uzito wake.

Mpindo usichanganywe na nguvu. Chambo kinachozama mita 5 huvuta maji sana, hivyo huhitaji ufito wenye nguvu zaidi, lakini mpindo ubaki wastani. Anayetumia mshipi wa kusuka, usiovutika, achague ufito laini zaidi.