Hewa ya Ukaa Itokanayo na Ufyekaji wa Misitu: Brazili na Indonesia

Msitu ukigeuzwa shamba hutoa hewa ya ukaa, lakini hekta moja si sawa na nyingine. Nchini Brazili, msitu wa Amazon hufyekwa hasa kwa malisho ya ng'ombe. Hewa nyingi hutokana na miti inayochomwa. Nchini Indonesia, sehemu ya michikichi hupandwa penye vinamasi vya mboji. Vikikaushwa, mabaki ya mimea ya maelfu ya miaka huoza au kuungua, na hewa hiyo huendelea kutoka kwa miongo kadhaa. Anayehesabu hekta tu hapati ukweli wote. Papa Fransisko, katika waraka Laudato Si' (2015), alitaja Amazon pamoja na bonde la Kongo, ambalo nalo lina vinamasi vya namna hiyo. Basi tuulinde msitu pamoja na udongo wake.