Majimbo ya Marekani Machoni pa Wageni: Taswira Mgando na Lawama Inayohamishwa

Ikisiri

Makala hii inachunguza taswira mgando ambazo watu wa nje wanazo kuhusu baadhi ya majimbo ya Marekani, hususan Texas, Florida, Kentucky, West Virginia na Mississippi. Inadai kwamba taswira hizi hazitokani na kutojua peke yake. Kila moja ina chombo kilichoisambaza, na zilizodumu zaidi zimedumu kwa kuwa zinageuza tatizo la taifa zima kuwa tabia ya watu wa jimbo moja.

Utangulizi

Marekani ina majimbo 50, lakini msomaji wa Afrika Mashariki akitakiwa kuyaeleza hubaki na machache: California ya filamu na fedha, New York ya majumba marefu, Texas ya makauboi na bunduki, Florida ya vituko, Mississippi ya ubaguzi wa rangi. Mengine, mathalani Nebraska au Delaware, hayana sura yoyote. Orodha hiyo haiko mbali na ile ya Mmarekani wa Boston au Seattle anapozungumzia majimbo ambamo hajawahi kuishi. Kwa hiyo neno “mgeni” katika makala hii linamhusu mtu yeyote wa nje ya jimbo linalozungumziwa, awe wa Mombasa au wa Manhattan.

Mwandishi wa habari Walter Lippmann, katika kitabu chake Public Opinion cha mwaka 1922, alieleza kwamba binadamu hupewa maelezo ya mambo mengi kabla hajayaona, na maelezo hayo huamua atakachokiona baadaye. Katika miaka ya 1960 mwanajiografia Peter Gould alilipima jambo hilo kwa kuwauliza wanafunzi wa vyuo vikuu katika majimbo ya California, Minnesota, Pennsylvania na Alabama wangependelea kuishi wapi. Wale wa nje ya Kusini waliiweka Kusini chini, kana kwamba ni bonde moja lisilo na mipaka ndani yake. Wanafunzi wa Alabama walipambanua vizuri majimbo jirani na kwao, lakini Kaskazini ikawa kwao eneo moja tu. Kila upande ulijua tofauti za kwao na kuufanya upande wa pili kuwa kitu kimoja.

Maelezo ya Lippmann na Gould yanatuonyesha jinsi akili inavyofupisha mambo. Hayatuambii kwa nini ufupisho mmoja hufa na mwingine ukaishi zaidi ya miaka 100. Ili kulijibu swali hilo tunalazimika kutazama vyombo vilivyoisambaza kila taswira na wale walionufaika nayo.

Texas iliyopigwa picha kwingine

Texas ya makauboi ni kazi ya filamu kwa sehemu kubwa. The Searchers ya John Ford, iliyotoka mwaka 1956, inasimulia kisa cha Texas, lakini miamba yake mikubwa myekundu ni ya Monument Valley, mpakani mwa Utah na Arizona. Mwaka 1964 Mwitaliano Sergio Leone alitoa A Fistful of Dollars, filamu ya mpakani mwa Marekani na Mexico, ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa Hispania. Muda mrefu kabla yao, Mjerumani Karl May aliwajaza vijana wa nchi yake simulizi za Magharibi ya Marekani zenye mhusika wake Winnetou. Alikanyaga Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1908, vitabu hivyo vikiwa vimekwisha kusomwa kote Ujerumani, na safari yake haikufika Magharibi. Kwetu, filamu za Kimarekani zilipata sauti ya Kiswahili kupitia wasimulizi kama Lufufu jijini Dar es Salaam na DJ Afro nchini Kenya, waliowaongezea wahusika mizaha na majina ya mtaani. Mtazamaji alicheka na kusisimka, lakini mahali panaposimuliwa paliendelea kuwa pale palipochaguliwa na mwongozaji wa filamu.

Yaliyoachwa nje ya picha hiyo ni mengi. Ufundi wa uchungaji wa farasini, pamoja na kamba zake na tandiko lake, ulitoka kwa wachungaji wa Mexico. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe takriban kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi. Leo zaidi ya watu 8 kati ya 10 wa Texas wanaishi mijini. Houston, San Antonio na Dallas zimo katika orodha ya miji 10 yenye watu wengi zaidi nchini, na hakuna jimbo linalozalisha umeme mwingi wa upepo kuliko Texas. Hata kaulimbiu maarufu inayoonya watu wasiichezee Texas, ambayo wageni huisoma kama tishio la mwenye bastola, ilianza mwaka 1986 katika kampeni ya idara ya barabara ya jimbo ya kuzuia utupaji wa taka barabarani.

Florida na faili zilizo wazi

Florida inafundisha somo tofauti. Tangu mwaka 2013, ilipofunguliwa akaunti ya mzaha ya Twitter iliyokusanya vichwa vya habari kuhusu “mtu wa Florida”, mkazi wa jimbo hilo amekuwa kichekesho cha dunia nzima: kakamatwa na mamba, kaiba hiki, kapigana na yule. Wengi wamehitimisha kwamba kuna kitu katika hewa ya jimbo hilo.

Kuna maelezo yasiyohitaji uchawi. Sheria ya kumbukumbu za umma ya Florida ina historia inayoanzia mwaka 1909, na ni miongoni mwa sheria zilizo wazi zaidi nchini. Mwandishi wa habari hupata taarifa ya polisi, pamoja na picha ya mtuhumiwa, kwa urahisi usiopatikana katika majimbo mengi. Tena Florida ni jimbo la tatu kwa wingi wa watu, likiwa na zaidi ya milioni 20. Vituko hutokea kote. Pale faili linapofunguliwa kirahisi ndipo vinapogeuka habari. Kwa hiyo jimbo linachekwa kwa kiasi fulani kutokana na uwazi wake, na majimbo yanayoficha faili zao yanaonekana kuwa na watu timamu zaidi.

Watu wa milimani na wenye migodi

Taswira za Texas na Florida zinachekesha zaidi kuliko zinavyoumiza. Ya Appalachia, eneo la milima linalojumuisha West Virginia yote na mashariki ya Kentucky, ina madhara makubwa zaidi. Mtu wa milimani husawiriwa kama mvivu, asiyesoma, mgomvi, mwenye kunywa pombe ya kujipikia. Chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1873 jarida la Lippincott's lilichapisha makala ya Will Wallace Harney iliyowaonyesha wakazi wa milima hiyo kuwa watu wa ajabu katika nchi ya ajabu. Waandishi wengine wakafuata, na mwanahistoria Henry Shapiro, katika Appalachia on Our Mind cha mwaka 1978, alionyesha kwamba ni maandishi ya namna hiyo yaliyolifanya eneo hilo lionekane kama kisiwa kilichoachwa nyuma na taifa.

Cha kuzingatia ni kilichokuwa kikiendelea wakati huohuo. Reli zilikuwa zikiingia milimani, na kampuni za mbao na makaa ya mawe zikinunua haki za madini. Kwa mikataba iliyotumika sana Kentucky, mkulima alibaki na ardhi ya juu huku kilicho chini kikiwa cha kampuni. Baadaye mikataba hiyo ilitumiwa kuhalalisha hata uchimbaji unaofumua shamba zima, mpaka wapiga kura wa Kentucky walipobadilisha katiba ya jimbo mwaka 1988 ili kuuzuia bila idhini ya mwenye ardhi. Utafiti wa umiliki wa ardhi uliofanywa katika kaunti 80 za majimbo 6 na kukamilika mwaka 1981 ulikuta kwamba sehemu kubwa ya ardhi na madini ilikuwa mikononi mwa kampuni na watu wasioishi huko, na kwamba kodi waliyolipa ilikuwa ndogo mno. Shule na barabara hazikukosekana kwa sababu ya uvivu wa mtu.

Wala watu hao hawakukaa kimya. Mwaka 1921 wachimbaji wapatao 10,000, weupe, weusi na wahamiaji kutoka Ulaya, waliandamana na silaha kuelekea kaunti ya Logan, West Virginia, wakidai haki ya kuwa na chama chao. Walipigana na walinzi wa upande wa wenye migodi katika mlima Blair hadi jeshi la serikali kuu lilipoingia. Tukio hilo halimo katika taswira ya mtu wa milimani, kwa kuwa mvivu hawezi kuwa mgomaji.

Aprili 1964 Rais Lyndon Johnson alikwenda kaunti ya Martin, Kentucky, akapigwa picha kwenye kibaraza cha familia maskini ili kuipa nguvu Vita vyake dhidi ya Umaskini. Nia ilikuwa njema na misaada ilikuja, lakini kamera zilizomfuata zilionyesha matambara na kuuacha mkataba wa madini. Wenyeji wengine walichoka kupigwa picha. Mwaka 1967 mtengeneza filamu Hugh O'Connor kutoka Kanada aliuawa kwa risasi katika kaunti ya Letcher na mwenye nyumba aliyechukizwa na kamera hizo. Miaka miwili baadaye, katika kaunti hiyohiyo, ilianzishwa Appalshop, asasi ambamo vijana wa huko walijifunza kutengeneza filamu zao wenyewe. Jibu la kudumu kwa taswira ya mgeni lilikuwa kushika kamera.

Kusini kama jalala la dhambi ya taifa

Hoja kuu ya makala hii inaonekana wazi zaidi katika taswira ya Mississippi na Alabama. Hakuna haja ya kuyasafisha majimbo hayo. Sheria za ubaguzi zilikuwepo, na mwaka 1955 Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago, aliuawa kikatili Mississippi na wauaji wake wakaachiwa huru. Swali ni kile ambacho taswira hiyo inawafanyia wasio wa Kusini.

Katiba ya Oregon, jimbo linalosifika leo kwa uliberali, ilipigiwa kura mwaka 1857 ikiwa na kifungu cha kuwazuia watu weusi kuhamia huko. Maneno ya kibaguzi yalifutwa kabisa mwaka 2002. Mwaka 1966 Martin Luther King alipigwa jiwe kichwani katika maandamano jijini Chicago, na akasema kwamba hata Mississippi na Alabama hakuwahi kuona umati wenye chuki kiasi kile. Mwaka 1974 mabasi yaliyobeba wanafunzi weusi yalirushiwa mawe Boston.

Mwaka huohuo wa 1974, katika kesi ya Milliken dhidi ya Bradley iliyohusu Detroit, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba wilaya za shule za vitongojini haziwezi kulazimishwa kuchanganya wanafunzi na za mjini bila kuthibitika kwamba nazo zilihusika na ubaguzi. Nyuma ya sheria ya wakati ule kulikuwa na dhana kwamba utengano wa Kusini uliwekwa na serikali, ilhali wa Kaskazini ulitokea wenyewe kutokana na watu kuchagua mahali pa kuishi. Dhana hiyo haikuwa kweli. Katika miaka ya 1930 wakala wa serikali kuu uliokopesha wenye nyumba ulichora ramani za miji kote nchini na kuipaka mitaa ya weusi rangi nyekundu, ishara ya mikopo ya hatari. Wanahistoria Matthew Lassiter na Joseph Crespino, wahariri wa The Myth of Southern Exceptionalism cha mwaka 2009, wamepinga kwa nguvu simulizi la Kusini kuwa ya pekee. Taifa likishaamini kwamba mbaguzi anaishi Mississippi, ramani za Detroit hazina wa kuzijibia.

Taswira hiyo inamfuta hata mwathirika. “Mtu wa Mississippi” katika mawazo ya mgeni ni mweupe, wakati zaidi ya theluthi moja ya wakazi ni weusi, kiwango cha juu kuliko jimbo jingine lolote. Fannie Lou Hamer, mwanamke mweusi aliyepigania haki ya kura, alikuwa mtu wa Mississippi.

Pingamizi la takwimu

Msomaji makini anaweza kupinga: je, majimbo hayatofautiani kweli? Yanatofautiana. Mwaka 2013 mwanasaikolojia Peter Rentfrow na wenzake, wakitumia data za zaidi ya watu milioni 1.5, waliigawa Marekani katika kanda tatu za haiba. Lakini wastani wa jimbo hauelezi mtu wa jimbo. Mwaka 1950 mwanasosiolojia William Robinson alionyesha kwa sensa ya mwaka 1930 kwamba majimbo yenye wahamiaji wengi yalikuwa na watu wachache wasiojua kusoma, ingawa wahamiaji wenyewe walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutojua kusoma kuliko wazaliwa. Walikuwa wamehamia tu mahali penye elimu. Katika uchaguzi wa mwaka 2020 Donald Trump alipata kura nyingi zaidi California kuliko jimbo jingine lolote, zaidi ya milioni 6, na Joe Biden alipata kura nyingi zaidi Texas kuliko New York. Ramani za uchaguzi za rangi mbili huwafuta wote hao.

Hitimisho

Suala hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Wakimbizi wengi kutoka Kongo wamepewa makazi Kentucky, na jijini Lexington Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazozungumzwa zaidi na familia za wanafunzi wasiotumia Kiingereza nyumbani. Familia hizo zinaishi katika jimbo ambalo wageni wanalijua kwa dhihaka, na zenyewe sasa ni sehemu ya watu wa Kentucky.

Wahariri, wafasiri na walimu wetu wanapopokea habari ya jimbo la Marekani, wasitosheke kuuliza kama sifa inayotajwa ni ya kweli. Waulize ilitoka wapi, ilibebwa na chombo gani, na ni nani anayeepuka kuulizwa pindi lawama inapowaangukia watu wa jimbo hilo. Umaskini wa Appalachia una mikataba na kampuni zenye majina. Ubaguzi wa Marekani una ramani zilizochorwa na serikali kuu. Uchambuzi unaoviacha hivyo na kushika tabia za wenyeji haujaieleza Marekani. Umewasaidia wenye kuhusika kujificha.